Ukurasa wa Kumi na Saba

4 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kwenye kiti chako cha dirishani na si kitandani. Kaka, mwanao, alituambia wiki iliyopita kwamba madaktari wamekukataza ngazi, chumvi na hasira. Mama akasema ngazi ataacha, chumvi ataacha, lakini hasira za kaka yangu nani atamwachisha? Anakusalimu sana. Magoti yanamsumbua, ila ulimi haujambo.

Nakuandikia kwa sababu simu na masikio yako haviivi tena chungu kimoja. Mara ya mwisho nilikuuliza habari za dawa, ukanijibu habari za mbuzi wa jirani.

Karakana inaendelea. Tuko kumi na mmoja sasa, pamoja na Mzee Randa, ambaye alianza kazi na marehemu baba na ambaye mpaka leo hataki kuigusa mashine ya msasa. Anasema mbao ina masikio, ukiipigia kelele inapinda.

Sasa jambo lenyewe. Halmashauri imetangaza zabuni ya madawati ya shule za msingi. Mafungu matatu, kila fungu madawati mia sita. Mjomba, nataka kuomba. Nimechoka kutengeneza mlango wa mtu mmoja leo na kitanda cha mwingine wiki ijayo. Nikipata hata sehemu ya kazi hii, watu wangu wote wana uhakika wa mwaka mzima. Nisipopata, kufikia mwezi wa saba nitalazimika kuwaaga wanne, na sijui nitaanza na nani.

Wewe ulikuwa katibu wa kamati ya zabuni miaka kumi na tisa. Nimuulize nani mwingine? Maswali yangu ni matatu. Kwanza, nishushe bei mpaka wapi? Pili, ni kitu gani hasa huwaangusha waombaji wadogo kama sisi? Tatu, kwenye makabrasha kuna fomu inayouliza kama mwombaji ana ndugu katika ofisi inayonunua. Kaka, mwanao, ndiyo kwanza ameteuliwa kwenye kamati ya tathmini. Nimwandike, au niache wazi?

Kuhusu kuhesabu kurasa usinifundishe. Tangu baba asahau ule ukurasa wake akakosa zabuni, nyumbani kwetu hakuna bahasha inayofungwa bila kuhesabiwa mara tatu, hata iwe kadi ya harusi. Mama bado anamtania mpaka kaburini kwake: "Bwana Ukurasa, huko ulikokwenda umefika mzima, au umesahau kichwa?"

Nasubiri jibu lako.

Mpwa wako,
Seremala


22 Februari

Seremala wangu,

Marahaba, mwanangu. Barua yako ilinikuta kitandani, lakini niliisomea kwenye kiti, kwa heshima yake. Mwambie dada yangu hasira nimeziacha. Zimekosa mahali pa kukaa, mwili umebaki mifupa. Muuguzi wa asubuhi ananiinua kwa mkono mmoja huku mwingine ukitandika shuka. Juzi daktari alimwita mwanangu koridoni. Mimi ni kiziwi, si mjinga. Watu hawamwiti mtu koridoni kuzungumzia kupona.

Nimefurahi kwamba unataka kuomba. Nikujibu.

Usishushe bei ili ushinde. Bei ya kushindia na bei ya kufanyia kazi lazima iwe moja. Nimewaona watu wakishangilia barua ya ushindi, na miezi mitatu baadaye wanauza mashine ili wautimize mkataba ule ule. Weka ndani ya bei usafiri mpaka shule ya mwisho kabisa, ile ambayo dereva akifika anashuka kwanza kuipapasa njia kwa miguu. Weka mbao zitakazopasuka. Weka na subira, kwa sababu serikali hulipa, lakini hulipa kama mzee anavyopanda ngazi. Jiulize: naweza kukaa siku tisini bila kulipwa na watu wangu wakapata mishahara? Kama huwezi kwa mafungu matatu, omba moja. Mwenye uwezo wa fungu moja akiomba matatu haombi kazi, anaomba aibu.

Swali la pili. Waombaji wadogo hawaangushwi na udogo. Wanaangushwa na kutosoma. Soma makabrasha kuanzia jalada, mara mbili, kalamu mkononi. Kila palipoandikwa "lazima", piga mstari, na kila mstari uwe na karatasi yake ya kuujibu. Usipoelewa, uliza kwa maandishi kabla muda wa maswali haujaisha. Jibu watawapa waombaji wote; usione wivu. Nenda kwenye mkutano wa waombaji hata kama hakuna chai. Wakitaka sampuli, peleka dawati unaloweza kulirudia mara mia sita, si dawati la maonyesho. Bahasha ipeleke siku moja kabla, udai risiti yenye saa. Siku ya kufungua kaa mstari wa mbele. Ukishindwa, dai barua ya sababu. Ni haki yako, wala si ugomvi.

Jambo moja zaidi. Namba kila ukurasa, saini kila ukurasa, na siku ya kufungua omba idadi ya kurasa zako isomwe kwa sauti na iandikwe kwenye kumbukumbu papo hapo. Zamani hatukufanya hivyo. Lidai hilo hata wakikucheka.

Mkono umechoka. Msalimie dada yangu.

Mjomba wako
Ukurasa wa 3 kati ya 3


8 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Habari za mifupa? Mama anakufumia fulana ya sufu, ameifumua mara mbili kwa sababu anapima kwa mwili wako wa zamani. Watoto hawajambo. Mdogo ameng'oka jino, analionyesha kwa kila mteja anayeingia karakanani.

Ushauri wako nimeubandika ukutani, juu ya meza ya kuchorea. Mkutano wa waombaji nilikwenda. Ukumbi umejaa wanaume, feni inazunguka bila upepo. Kuna mfanyabiashara mmoja mkubwa wanayemwita Mafungu Yote, kwa kuwa hajawahi kuomba fungu moja maishani. Aliponiona akasema, "Mama, mkutano wa wapishi ni chumba cha pili."

"Nimeshapita huko," nikamwambia. "Wamesema kuna bwana huku anauza madawati yanayowaangusha watoto, nikaona nije nimtazame uso."

Ukumbi mzima ulicheka, na yeye pia, maskini.

Halafu nikaomba lile la idadi ya kurasa kusomwa. Afisa manunuzi akavua miwani. "Nani kakufundisha hilo?"

"Mjomba wangu. Mlimwita Rula."

Mjomba, yule mtu alisimama. "Rula? Yule aliyemwangusha shemeji yake mwenyewe kwa ukurasa mmoja? Habari zake tulifundishwa chuoni!" Akakubali ombi langu papo hapo, wengine wakanigeukia kunitazama. Nikajivuna. Kisha nikakumbuka kwamba huyo shemeji ndiye baba yangu, nikakosa pa kuuweka uso.

Sasa. Swali langu la tatu hukulijibu. Niligeuza karatasi nikatazama nyuma. Umeandika tatu kati ya tatu, kwa hiyo halikupotea njiani. Kaka nimemuuliza mwenyewe. Akasema, "Acha wazi, dada. Majina yetu hayafanani, na nani atamshuku mtoto wa Rula?" Anasema nikimwandika atatolewa kwenye kamati kabla hajakipasha kiti moto, na nitakuwa nimemharibia. Bahasha inafungwa tarehe 28.

Enzi zenu mlifanyaje? Baba alipoomba na wewe ukiwa katibu, mliandika kwamba ni ndugu? Baba hakutueleza. Alikuwa akisema tu, "Mjomba wenu ni mtu wa kazi yake," na kila mara alilisema kwa sauti ile ile, kama mtu anayesoma kibao.

Mpwa wako,
Seremala


16 Machi

Mwanangu Seremala,

Marahaba. Afya yangu inateremka bila haraka. Fulana ya sufu imefika. Mshukuru mama yako, ingawa ukimaliza kusoma utaelewa kwa nini nimeshindwa kuivaa.

Swali lako la tatu sikulisahau. Nililiruka, kama mtu anavyoruka shimo alilolichimba mwenyewe. Jibu lake ni fupi: mwandike kaka yako, jina lake kamili, cheo chake na undugu wenu, na atoke kwenye kamati. Sababu ndiyo ndefu.

Baba yako hakusahau ukurasa. Niliuchomoa mimi.

Sentensi hiyo niliiandika kwanza kwenye karatasi nyingine, nione kama mkono utakubali. Umekubali. Sasa niendelee kabla haujabadili nia.

Miaka ishirini na sita iliyopita nilikuwa kaimu katibu. Ukaimu ni kiti cha kuazima. Ukikohoa sana unanyang'anywa. Nilikuwa nikisubiri barua ya kuthibitishwa. Ikatangazwa zabuni ya madawati, baba yako akaleta bahasha. Kanuni ilikuwa wazi hata wakati ule: mwenye undugu na mwombaji aseme, aandikwe, atoke. Lakini nikitoka, msaidizi wangu angekaa mahali pangu, na alikuwa akikitazama kiti kile kama paka anavyotazama samaki. Nikajiambia, nitasema kesho. Kesho yake bahasha zikafunguliwa.

Mwenyekiti akasoma bei. Ya baba yako ilikuwa ya chini kuliko zote bila kuwa ya kijinga, na sampuli yake ilisimama pale mbele haitikisiki. Mwenyekiti mwenyewe aliikalia, mtu wa kilo mia moja na zaidi, na haikulia. Mjumbe mmoja, mtu wa mizaha, akaniinamia.

"Rula, seremala huyu si ndiye aliyemwoa dada yako?"

"Watu wengi wana dada," nikamjibu.

Akacheka. Nami nikacheka. Katika yote niliyofanya, kicheko kile ndicho kinachonirudia mara nyingi zaidi.

Ujue pia kwamba hawakuniita Rula kwa sababu ya unyofu. Waliniita hivyo kwa kuwa nilipiga mistari ya kumbukumbu kwa rula. Unyofu waliubandika baadaye, na waliubandika kwa njia hii.

Ilikuwa saa saba mchana, wenzangu wamekwenda kula. Kabati la chuma lilikuwa na ufunguo mmoja, na ufunguo ulikuwa kwangu. Nikawaza: akishinda, watasema nimempa. Watachimba, watakuta sikutaja undugu, na barua yangu itaishia hapo. Akianguka kwa kosa lake, hakuna atakayeuliza kitu. Nikatoa kabrasha lake. Ukurasa wa kumi na saba ulikuwa tamko la vipimo: aina ya mbao, siku za kuikausha, namna ya kuunga miguu, na chini saini yake yenye mkia mrefu. Bila tamko lile hakuna maombi. Nikang'oa pini, nikauchomoa, nikabana upya. Nakala ya pili vivyo hivyo. Mikono haikutetemeka. Ingetetemeka, leo ningejiheshimu kidogo.

Siku ya tathmini mimi ndiye niliyesoma kwa sauti: "Ukurasa wa kumi na saba haupo." Yule mjumbe wa mizaha akasimama, akanipa mkono mbele ya wote. "Huyu hapindi hata kwa shemeji yake!" Kumbe walijua, na kujua kwao kukawa sifa yangu. Barua ya kuthibitishwa ilikuja mwezi uliofuata.

Hakuna aliyenihonga, mwanangu. Nimewahi kutamani ningehongwa. Aliyehongwa anaweza angalau kurudisha. Mimi nilimwibia baba yako ili nionekane si mwizi.

Yaliyofuata unayajua kwa upande wenu. Karakana ilibaki na watu wawili. Wewe ulikaa nyumbani mwaka mzima bila chuo, kisha mimi nikajitokeza kukusomesha. Dada yangu alilia akinishukuru. Nilimwacha alie. Baba yako hakuomba zabuni tena, mtaani wakamwita Bwana Ukurasa, nyumbani pia. Na kila tulipokutana alininyooshea mkono, vidole vimetanuka, akasema, "Hesabu, shemeji, vyote vipo?" Nami nilihesabu moja mpaka tano, tukacheka pamoja. Nilidhani anajicheka mwenyewe. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba nimemkosea mtu anayeweza kujicheka.

Ukurasa ninao. Mara tatu nimewasha kiberiti na mara tatu nimekizima. Umelala bahasha moja na ile barua ya kuthibitishwa kazini. Siutumi kwa posta. Ulishapotea mara moja mikononi mwangu, inatosha.

Kwa hiyo mwandike kaka yako. Atanung'unika, mwache anung'unike. Ukiuficha undugu leo ili abaki kitini, itafika saa mmoja wenu atalazimika kuukana ili asiondolewe. Mimi nilianza kwa kunyamaza tu.

Sikuombi msamaha kwa barua. Itakuwa rahisi mno kwangu. Nakuomba jambo moja tu, umwambie mama yako. Nimejaribu, mdomo umegoma.

Mjomba wako
Ukurasa wa 4 kati ya 4


11 Aprili

Mpwa wangu,

Hujambo? Watoto hawajambo? Jino la mdogo limeota?

Tarehe 28 imepita na sijapata barua. Posta naijua ilivyo. Lakini jana mwanangu alikuja, akakaa kwenye ncha ya kitanda, akaniandikia kwenye kidaftari changu cha viziwi: "Baba, nimetolewa kwenye kamati. Dada ameniandika kwenye fomu." Nikamuuliza kama amekasirika. Akaandika, "Nilikasirika. Kisha alinipigia simu akawa analia, hakusema kwa nini. Wewe unajua kwa nini?"

Nilimwambia sisikii vizuri. Maneno yalikuwa yameandikwa kwenye karatasi, nami nikamwambia sisikii.

Kwa hiyo najua barua yangu ilifika. Si lazima ujibu. Naandika hivyo, lakini mtu wa posta akipita namtazama mikono.

Dada yangu amenitumia soksi za sufu. Kwa hiyo hujamwambia.

Mjomba wako
Ukurasa wa 1 kati ya 1


3 Mei

Mjomba,

Shikamoo haipo hapo juu. Nimejaribu mara nne, kalamu imekataa. Nikaona afadhali niandike bila shikamoo kuliko nisiandike kabisa.

Barua yako niliisomea karakanani, nimekaa juu ya rundo la mbao. Mzee Randa akaniuliza, "Nani amekufa?" Nikampa asome. Anasoma polepole, kwa kidole. Alipofika mwisho akaikunja, akanirudishia, wala hakushangaa. Hilo ndilo lililonivunja, Mjomba. Hakushangaa.

"Zilikuwa kurasa thelathini na mbili," akasema. "Nilihesabu mimi, akahesabu baba yako, tukafunga pamoja."

"Kwa hiyo ulijua?"

"Nilijua ukurasa ulikuwemo. Nikamwambia, bosi, kata rufaa, mimi shahidi wako. Akaendelea kupiga randa kama hajasikia. Baadaye akasema, Randa, nikikata rufaa watauliza nani alikuwa na ufunguo wa kabati. Mwenye ufunguo ni kaka wa mke wangu. Nikishamvunja kaka yake, mke wangu nitamwambia nini mezani?"

"Na wewe ukanyamaza miaka yote hii?"

"Aliniapisha. Alisema, shemeji ni msomi, anajua kuhesabu. Atakuja mwenyewe. Tumpe nafasi."

Alikupa nafasi miaka kumi na minane, mpaka siku aliyokufa. Wewe ndiye uliyeandika kwamba alikuwa anajicheka. Viangalie tena vile vidole.

Fomu niliijaza siku ile ile. Kaka alininunia wiki mbili, sasa amepoa. Siku ya kufungua bahasha Mzee Randa alivaa koti, akakaa kando yangu mstari wa mbele. Afisa aliposoma, "Kurasa arobaini na moja," Mzee Randa akaitika kwa sauti, "Zipo!" kama mwanafunzi anayeitwa mahudhurio. Watu walicheka. Mimi nilishindwa.

Juzi nimepata barua ya kusudio la kunipa kazi. Nimepewa fungu moja, lile nililoomba. Nimefurahi kwa ajili ya wale wanne. Kwa ajili yangu bado sijui.

Mama sijamwambia, na sitamwambia. Bahasha hiyo si yangu kuifungua. Jumamosi ya tarehe 24 atapanda basi la asubuhi kuja kwako. Nimemwambia tu kwamba una neno naye. Ukimwambia, niandikie alichosema. Usipomwambia, usiniandikie.

Binti wa Bwana Ukurasa


27 Mei

Seremala,

Hii ni siku ya tatu naiandika barua hii, kidogo kidogo. Ukiona mwandiko unapanda mlima, ni mto wa kulalia uliowekwa chini ya karatasi, si pombe.

Alikuja saa nne asubuhi na kapu la nguo zangu alizozifua. Akasimama mlangoni akanitazama. Mimi sisikii, lakini midomo ya dada yangu naisoma tangu utotoni. "Mbona umekonda hivi, kaka, kama msumari uliokosa kichwa?" Akaketi, akaanza kunihesabia magoti yake, bei ya vitu, jino la mdogo. Nilimwacha amalize. Nilitamani asimalize.

Sikuanza na sababu. Nilimpa ukurasa kwanza.

Akavaa miwani. Aliusoma wote, aina ya mbao, siku za kukausha, miguu, bila kuruka neno, kama mtu aliyepata barua kutoka kwa mumewe. Alipofika kwenye saini akaupitisha kidole juu ya ule mkia mrefu.

"Umeupata wapi?"

"Kwenye kabati langu."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile."

Nikamweleza yote, kama nilivyokuandikia. Nikamweleza na la Mzee Randa, kwamba mumewe alijua, na kwa ajili ya nani alinyamaza. Hapo ndipo alipovua miwani.

"Nilimcheka," akasema. "Mbele ya watoto, mbele ya wageni, mbele yako. Mume wangu ananiangalia namcheka, na yeye anacheka nami."

Nikamwambia hilo nalo ni langu, aliweke upande wangu.

"Halibebeki upande mmoja," akasema.

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Matusi ningeyapokea kama dawa. Hakunitukana. Aliinuka akaanza kuzipanga nguo zangu kabatini, moja moja, akizikunja upya zile alizokuwa ameshazikunja. Ilimchukua muda mrefu. Mimi nilikuwa nautazama mgongo wake, nikafikiri juu ya baba yako akipiga randa kama hajasikia, akinipa mkono kila sikukuu ya familia, akisubiri. Mara ngapi? Nimejaribu kuzihesabu zile nafasi. Nimeishia mia na kitu, nikaacha. Nilikuwa namhurumia kwa uzembe wake, mwanangu. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa akinihurumia.

Kuhusu kazi yako, kwa kuwa sina kingine cha kukupa. Usikate hata ubao mmoja kabla mkataba haujasainiwa. Barua ya kusudio si mkataba. Kila shule itakapopokea, mwalimu mkuu ahesabu madawati mbele yako na asaini hati ya mapokezi siku ile ile, nakala ibaki kwako. Afisa akikwambia kwa mdomo, "badilisha kidogo urefu," mwambie kwa adabu aandike. Ukiona utachelewa, sema kabla hawajakuuliza. Mikataba niliyoiona ikifa, mingi haikufa kwa wizi wala kwa uvivu. Ilikufa kwa jambo ambalo mtu alilinyamazia akidhani atalisema kesho.

Mwanangu nimemwambia pia, juzi. Kidaftari kilijaa. Habari ile wanayofundishwa chuoni amesema atakiandikia chuo kuisahihisha, na mimi nimetia saini.

Uliniambia nikuandikie alichosema mama yako. Nimeandika. Limebaki moja.

Alipomaliza nguo akachukua kapu lake. Nilidhani anaondoka bila kuaga, na nilisema moyoni kwamba ni haki yake. Alifika mlangoni, akasimama, akarudi. Akaunyoosha mkono mbele ya uso wangu, vidole vimetanuka, vile vile kama mumewe. Hakutabasamu.

"Hesabu," akasema.

Nikahesabu. Nilihesabu kwa sauti, nikigusa kimoja kimoja. Nilipofika cha tano nilingoja auondoe mkono. Hakuuondoa.

"Tena," akasema.

Mjomba wako
Kurasa 3 kati ya 3. Ule wa kumi na saba ameondoka nao.